Chuma cha Ngazi za Mtoni

Haya yalimkuta shoga yangu, mkata tiketi langoni, kwenye njia ya watalii ya bonde la mto, na yeye si mwoga. Mumewe humwita Kichwa Jiwe. Kila jioni mume hushuka kutazama kama kuna mgeni aliyebaki chini. Akianza kupanda, hugonga mara tatu chuma cha kushikilia kinachofuata ngazi hadi mtoni. Mke, juu kwenye kibaraza cha kutazamia bonde, hujibu mara tatu kwenye chuma hicho hicho: njoo, sijafunga lango.

Siku hiyo mto ulifurika, ukungu ukameza bonde zima. Shoga yangu akasubiri, roho mkononi. Chuma kikalia ngo, ngo, ngo. Akajibu upesi, machozi yakimlengalenga.

"We mama, unamgongea nani?"

Mumewe alikuwa nyuma yake, viatu vikavu.

"Hukushuka?"

"Nishuke wapi? Nilikuwa ofisini napiga simu. Ngazi za chini zimesombwa tangu mchana."

Chuma kikalia tena, karibu zaidi.

"Umejibu?" mume akanong'ona.

"Nimejibu."

Mlio ukakoma. Mkono wa shoga yangu ulikuwa bado umeshika chuma, na ubaridi wa chuma ukaanza kuondoka, kukaja joto la kiganja cha mtu, likipanda kutoka chini.