Bakuli la Bibi Jadwiga

Kila mwaka, kijijini kwao Lithuania, Babu Juozapas alipomaliza kurina asali, mjukuu wake Rusnė ndiye aliyewapelekea majirani masega ndani ya bakuli. Mwaka huu alikuwa na kazi ya shule pia: awaulize majirani neno lao la asali na maana zake, kisha awaeleze wenzake darasani.

Mzee Arvīds, Mlatvia, alisema "medus", sawasawa na Walithuania wenyewe. Akarudisha bakuli likiwa na mayai. Bibi Fevronia, Mrusi, alisema "mjod", naye akajaza matango. Likabaki sega la Bibi Jadwiga, Mpolandi wa ng'ambo ya ziwa. Jua lilikuwa kali, na mbwa wake alisemekana mkali zaidi. Rusnė akaketi ukingoni mwa ziwa, akalila sega lote, akaosha bakuli.

"Jadwiga kasemaje?" Babu aliuliza.

"Mjod, kama Warusi tu. Maana yake asali, basi."

Babu alilitazama bakuli. "Hakutia kitu? Hata tufaha moja?"

"Hakutia."

"Basi nimemuudhi. Tangu nyuki wangu walipohamia kwake tukawa tunagawana asali ya mzinga huo, bakuli langu halijarudi tupu." Akaanza kuvaa viatu. "Niende nikamtake radhi. Hata sijui kwa lipi."

Rusnė alimwona akifunga kamba za viatu. Akashindwa kuvumilia.

"Babu, sikufika. Asali nimeila mimi, kando ya ziwa. Na lile neno nimelibuni."

"Mlafi wewe!" Babu alishusha pumzi. "Twende wote. Utamwambia mwenyewe."

Bibi Jadwiga alimsikiliza, akaangua kicheko. "Uliniogopa mimi au mbwa?"

"Mbwa, Bibi. Nisamehe."

"Huyo? Hana hata jino, mwanangu! Haya, sikiliza. Sisi twasema 'miód'. Ni asali, na ni pombe ya asali vilevile. Hiyo ya pili muulize babu yako, anaijua sana."

"Jadwiga, mtoto anasikia!"

"Sisi pombe hiyo twaiita 'midus'," alisema Rusnė kwa mshangao. "Nisingeweza kukisia kwamba kwenu neno ni moja tu."

Walirudi na bakuli limejaa matufaha.

"Umeona?" alisema Babu. "Neno la mtu halijulikani ukiwa umekaa kando ya ziwa. Unamwendea, unamuuliza, unamsikiliza. Ukibuni, unawadanganya wenzako, na unaweza kuwatenganisha watu wasio na ugomvi."

"Nimeelewa, Babu." Rusnė aliyatazama matufaha. "Na haya je?"

"Hayo hayaliwi njiani."