Sanduku la Mwalimu Tusa

Nyumbani kwa Mzee Jonas, Chang'ombe, kila kitu kinanuka rangi. Chai inanuka rangi. Hata ugali, ukiuweka karibu na dirisha, unanuka rangi. Mzee Jonas ni mwandika mabango. Vinyozi wanamjua, gereji zinamjua. Ukiacha kitu chako mezani kwake, ukirudi utakikuta kimeandikwa jina.

Jumamosi moja nyumba hiyo ilichangamka kuliko siku zote. Binti yake, Tusajigwe, alikuwa amepata kazi Vietnam! Tusa ana shahada ya ualimu. Huko angefundisha watoto Kiingereza, saa chache tu, jioni na mwisho wa wiki.

Wakala wa safari, kijana aitwaye Fredrick, alikuwa amempigia simu.

"Sista, Jumatatu tunakata tiketi. Unaingia kwa viza ya utalii. Ukiulizwa pale uwanjani, sema umekuja kutembea. Mengine huko huko."

Basi familia ikaanza mazoezi. Mzee Jonas alivaa kofia, akakaa nyuma ya meza ya kupigia pasi. Yeye ndiye ofisa wa uhamiaji.

"Haya, binti! Umekuja kufanya nini nchini kwetu?"

"Nimekuja kutembea."

"Kuona nini?"

"Kuona... milima."

"Milima gani?"

Tusa akaangua kicheko. "Baba, mie milima yao hata siijui!"

"Kwani kwetu Tukuyu milima imeisha?" mama yake, Avelina, akadakia. Wakacheka wote.

"Kimya!" ofisa akaamuru. "Leteni sanduku tukague."

Sanduku likaletwa. Lilikuwa jeusi, jipya. Juu ya kifuniko, kwa herufi kubwa za njano, paliandikwa TEACHER TUSA. Yaani Mwalimu Tusa. Mzee Jonas aliliandika asubuhi ile ile, lisije likapotea njiani. Ndani mlijaa chati za kufundishia alizozichora mwenyewe: embe, ng'ombe, bajaji.

Ofisa akaitazama kazi ya mikono yake. Akavua kofia taratibu.

"Hodi!" Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa jirani yao Zubeda, amekuja na maandazi ya kupongeza. Zubeda alifundisha Vietnam miaka miwili, akarudi mwaka jana. Mazoezi yao aliyasikia tangu nje. Aliliona sanduku, akaviona vile vitu vya ndani.

"Shikamoo, Mzee Jonas. Mtalii gani huyu anayesafiri na darasa zima?"

"Marahaba, mwanangu. Hata mie ndiyo najiuliza."

Wakampigia Fredrick, sauti ya simu wakaifungulia wote wasikie, wakamweleza habari za sanduku.

"Futeni hayo maandishi!" alisema. "Na hizo chati acheni nyumbani."

"Nifute?" Mzee Jonas akashangaa. "Bwana mdogo, rangi yangu haifutiki kwa maji!"

Avelina alikuwa ameshaleta petroli na kitambaa. Alipoinama kusugua, Tusa akamshika mkono.

"Mama, ngoja. Kama kazi ni halali, kwa nini nifiche kwamba mie mwalimu?"

Tusa akamgeukia Zubeda.

"Dada, wewe uliingiaje?"

"Kwa viza ya kazi, mdogo wangu. Viza ya utalii ni ya kutembea. Ukifanyia kazi, umevunja sheria."

"Lakini ni saa chache tu."

"Hata ungefundisha kwa saa moja, ukilipwa, hiyo ni kazi. Shule inayokuajiri ndiyo inayokuombea kibali. Kibali kikitoka, ndipo unaomba viza. Na kibali cha shule moja si ruhusa ya kufundisha kila mahali. Ukiitwa kwingine, uliza kwanza."

"Wakimkamata je?" Avelina akauliza.

"Anatozwa faini, anarudishwa. Anaweza kuzuiwa asiingie tena. Tena hata mwajiri akimdhulumu, ataogopa kwenda kushtaki."

Macho ya Tusa yalijaa machozi. "Kanisani wamenitangaza. Wanafunzi wangu wameniaga wakilia. Nikisema siendi tena, uso wangu nitauweka wapi?"

"Huo uso utasafiri nao," Zubeda alisema. "Ila usafiri ukiwa umeuinua."

Tusa akajifuta macho. Akaisogelea simu, Fredrick bado yuko hewani.

"Kaka Fredrick, shule itaniombea kibali cha kazi?"

"Sista, kibali cha nini? Nafasi itachukuliwa!"

"Na leseni yako ya uwakala naweza kuiona?"

Simu ikakatika.

"Amekata?" Mzee Jonas akasema. "Na kunifundisha kufuta rangi ndiyo basi tena?"

Jumatatu haikukatwa tiketi. Tusa na Zubeda walikwenda ubalozini kuuliza masharti, maana kila nchi ina yake, na hubadilika. Zubeda akampa anwani ya shule aliyofundisha yeye. Shule ikamsaili Tusa kwa simu ya video. Alifundisha somo zima akiwa sebuleni, kwa ile chati ya bajaji. Mwalimu mkuu alicheka, akaomba aione bajaji kwa karibu. Kazi akapata, ya jioni na mwisho wa wiki, kwa mkataba.

Shule ikaanza kuomba kibali. Tusa naye akashughulikia yake: cheti cha polisi cha tabia njema, vipimo vya afya, uhakiki wa shahada. Ilichukua miezi. Mtaani wakamtania.

"Mwalimu wa Vietnam! Bado uko Chang'ombe?"

"Nakauka kwanza!" aliwajibu. "Rangi mbichi haishikwi!"

Kisha kibali kikatoka. Viza ikatoka. Avelina alipiga vigelegele mpaka gereji ya pili wakazima mashine. Uwanja wa ndege walikwenda wote, na Zubeda, na sanduku.

Siku iliyofuata simu iliita. Ni Tusa, kwa video, anahema kwa furaha.

"Baba! Mwenyeji wangu kutoka shuleni alikuja kunipokea na karatasi yenye jina langu. Hata hakuinyanyua! Sanduku aliliona toka mbali, akaanza kupunga mikono!"

"Rangi imechubuka?"

"Haijachubuka hata kidogo!"

Mzee Jonas akainyoosha shingo yake kama mtu aliyepewa cheo. Akaenda nyuma ya meza ya pasi, akavaa kofia.

"Na ofisa wa huko alikuuliza umekuja kufanya nini?"

"Aliniuliza."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nimekuja kufundisha."

Ofisa wa Chang'ombe akaigonga meza kwa ngumi, kama anayegonga muhuri.

"Pita, mwalimu!"