Kidole cha Waringa

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Mwongeli alipita nyuma ya nyumba kuutazama mboga wa mama yake, ule mmea wa maboga. Haikuwa safari. Ukitoka mlangoni kwao, pale Waithaka, unapita karo la kufulia, unainama chini ya kamba za nguo, na mara umefika kwenye kipande cha udongo kisichozidi upana wa kitanda. Mzee Gichuru, mwenye ploti, ndiye aliyewaruhusu wapande hapo. Mmea ulikuwa umetambaa mpaka ukaushika ukuta wa mawe, majani yake mapana kama sinia.

Mama yake, Nzula, hakuwahi kuuona. Alikuwa mpishi katika nyumba moja kule Hurlingham, na huko ndiko alikolijulia boga la tambi. Ni boga la manjano, refu kidogo, ambalo likichemshwa na kukwanguliwa kwa uma, nyama yake huachana nyuzi nyuzi mpaka sahani ikajaa tambi. Siku alipolileta nyumbani mara ya kwanza, Mwongeli alidhani ni mazingaombwe. Mama alicheka sana. Akakausha mbegu juu ya gazeti, akazitia katika kikopo cha majani ya chai, akasema watazipanda mvua ikija.

Mvua ilikuja akiwa hospitalini. Ilipokatika, alikuwa ameshazikwa kwao Ukambani.

Waliporudi kutoka mazishini, Mwongeli alizimwaga mbegu zote udongoni kwa siku moja, asibakize hata ya dawa. Nyingine zilioza, nyingine zililiwa na kuku wa jirani. Ukaota mche mmoja tu. Ndiyo maana aliulinda kama mboni ya jicho.

Baba yake, Kitonga, alitoka alfajiri kwenda kazini na kurudi jioni akiwa na maneno machache. Aliyeijaza nyumba ile maneno ni Susu, ndivyo Wakamba wanavyomwita nyanya. Alikuja na kigoda chake na vitendawili vyake. Ukimwomba chumvi, anakutegea kwanza.

Maua yalipoanza kuchanua, ya manjano yanayong'aa, Mwongeli alipata jambo la kumfanyia mama yake. Aliona kwamba kuna maua ya namna mbili. Mengine yalikuwa na kiboga kidogo kama shanga nyuma yake. Hayo hakuyagusa. Mengine yalisimama juu ya kikonyo chembamba, nyuma hayana kitu. Hayo aliyahesabu kuwa ya bure. Kila asubuhi aliyachuma yote yaliyochanua, akayatia katika glasi yenye maji mbele ya picha ya mama ukutani. Mama alipenda rangi ya manjano.

Sasa, rafiki yake mkubwa alikuwa Waringa, mjukuu wa Mzee Gichuru. Walisoma darasa moja na kugawana hata peni. Siku gari la maiti lilipoondoka, Waringa ndiye aliyekimbia nyuma yake mpaka barabarani akiwa peku, akimpungia Mwongeli.

Jumamosi moja Waringa alikuja nyuma ya nyumba, akaona viboga vitatu vimetokeza chini ya majani. Furaha ikamzidi. Akanyoosha kidole.

"Ona hicho! Kinafanana na kichwa cha mtoto wa Mama Maina."

Wakacheka wote wawili, wakimkumbuka mtoto yule wa jirani. Kisha Mwongeli akakitazama kile kidole, kicheko kikamkatika. Katika ploti ile, Wakikuyu kwa Wakamba, hakuna asiyejua kwamba boga changa halinyooshewi kidole. Ukitaka kulionyesha, unakunja ngumi. Ukilinyooshea kidole, litakauka na kudondoka.

Siku chache baadaye kile kiboga kilikuwa kimegeuka njano, kimelegea kama kidole cha mgonjwa. Mwongeli alikigusa tu, kikamwangukia mkononi. Kesho yake kikaanguka cha pili.

Mwongeli alikwenda moja kwa moja hadi bomba la maji, ambako watu walikuwa wamepanga mitungi. Waringa alikuwa katikati ya foleni. Mwongeli alisimama mbele yake, na mbele ya wote akasema, "Umeua boga la mama yangu. Wewe na kidole chako."

Waringa akauacha mtungi wake pale pale, akaenda nyumbani.

Watoto ni watoto. Kabla jua halijatua, alikuwa amepewa jina: Kidole. "Funikeni sufuria, Kidole anapita." "Kidole, usinionyeshe, nitakauka." Waringa akaanza kutembea mkono wa kulia ukiwa ndani ya mfuko wa sweta, hata jua likiwaka. Darasani alijifunza kuomba ruhusa kwa mkono wa kushoto. Mwongeli aliyaona yote hayo, akanyamaza. Uchungu aliokuwa nao ulikuwa mzito, na kumtwika mwenzake ulimpa nafuu kidogo. Alijua si vizuri, lakini nafuu ni nafuu.

Kisha kiboga cha tatu kikaanguka.

Waringa hakuwa amekanyaga huko nyuma tangu siku ile ya bombani. Mwongeli alikaa kwenye karo la kufulia na kile kiboga mkononi, akalia. Susu akatoka na kigoda chake, akaketi kando yake, akakichukua kile kiboga na kukigeuza geuza.

"Kitendawili," alisema taratibu.

Mwongeli hakuwa na hamu, lakini kwa Susu huwezi kukaa kimya. "Tega."

"Baba yule hana mtoto mgongoni, wala tumboni, wala mkononi. Wakamfukuza nyumbani, wakisema hana faida. Tangu siku ile, hakuna mtoto aliyekua."

Mwongeli alifikiri. Alijaribu jogoo, Susu akatikisa kichwa. Alijaribu fahali, Susu akasema yuko karibu, ila asitafute zizini, atafute hapa hapa alipoketi. Mwongeli akainua macho kuutazama mboga. Kulikuwa na ua moja lenye kiboga nyuma yake, limejikunja, bado halijachanua. Akatafuta ua la kikonyo chembamba, lile lisilo na kitu nyuma yake. Hakuliona. Alikuwa amelichuma asubuhi.

Akainuka, akaingia ndani, akasimama mbele ya picha ya mama yake. Glasi ilikuwa imejaa maua ya kikonyo chembamba.

"Susu," alisema, "ni mimi."

Susu alikuwa amemfuata hadi mlangoni. Alimweleza kwamba ua la kiume halina kiboga lakini lina unga, na nyuki huubeba unga ule mpaka kwenye ua la kike. Bila unga, kiboga hudondoka. Alisema alikuwa ameyaona maua yale kwenye glasi, akadhani ni machache tu, na hakuwa na moyo wa kumzuia mtoto kumpelekea mama yake maua. Kisha akamwacha alie mpaka amalize.

Jioni Mwongeli alibisha mlango wa Waringa. Mama yake Waringa, Njambi, akafungua, akamtazama bila kumkaribisha. Waringa akatokea nyuma yake, mkono mfukoni.

"Si kidole chako," Mwongeli alisema. "Nilikuwa nachuma maua ya kiume. Naomba unisamehe."

Waringa akasogea mbele ya mama yake.

"Mimi uliniambia mbele ya nani?"

"Mbele ya wote."

"Basi waambie wote."

Mlango ukafungwa.

Asubuhi iliyofuata, foleni ya maji ikiwa ndefu, Mwongeli alienda pale bombani bila mtungi. Alisema kwamba Waringa hakuua kitu, kwamba aliyeua ni yeye kwa mikono yake mwenyewe, na kwamba atakayemwita Waringa lile jina tena atakuwa anamwita kwa uongo wa Mwongeli. Mtoto mmoja alicheka. Mama mmoja akamwambia mtoto huyo anyamaze.

Zilipita siku mbili. Siku ya tatu, Mwongeli alipofika penye mboga, ua lenye kiboga lilikuwa limechanua, na kando yake ua la kikonyo chembamba, ambalo safari hii hakuligusa. Susu alikuwa amemwambia asiwangoje nyuki, aupake unga kwa mkono. Akageuka kwenda kumwita Susu, akamkuta Waringa amesimama chini ya kamba za nguo.

"Nimesikia kwa Susu kuwa leo ua lile linachanua," Waringa alisema.

"Fanya wewe. Kwa kidole hicho."

Waringa akakitoa mfukoni polepole, kana kwamba kina kidonda. Akakizungusha ndani ya ua la kiume mpaka kikawa cha manjano, kisha akakipaka ndani ya ua la kike.

Kiboga kile hakikudondoka. Kilinenepa, kikawa boga, ngozi ikawa ngumu hata ukucha haukuweza kuitoboa. Hapo ndipo walipolichuma, na Waringa akaalikwa kula. Susu alilikata kwa mapana, si kwa urefu, kama Nzula alivyofanya, ili nyuzi zitoke ndefu. Likachemka. Mwongeli akashika uma, akakwangua, na tambi zikaanza kuanguka, zikajaza sinia zima. Walizikaanga kwa kitunguu, nyanya na dania. Baba aliweka mdomoni tonge la kwanza, akainuka, akaenda kunawa uso nje. Alikaa huko kwa muda. Aliporudi, aliomba kuongezwa.

Hazikuwa kama za mama. Mwongeli alijua hazitakuwa kamwe.

"Mjukuu wangu," Susu alisema, "uchungu ni mzigo wako mwenyewe. Unaweza kumwomba mtu akusaidie kuubeba, naye atakusaidia. Lakini usimtwike kwa hila, ukisema ni wake. Na ukimchafua mtu hadharani, usimsafishie mafichoni."

Mbegu zilikuwa zikikauka juu ya gazeti, mbele ya picha. Nusu yake ilikuwa ya Waringa. Sinia lilipobaki na mafungu mawili, Mwongeli alimwuliza mgeni wake anataka lipi.

Waringa alinyoosha kidole, wima kabisa.

"Lile kubwa," alisema.

Hakuna aliyemwambia akikunje.