Mpini wa Muharem

Mpini ulikuwa na joto, na mtu mwenye akili zake angeuweka chini pale pale. Ilikuwa Februari, mjini Travnik, Bosnia, theluji imepanda hadi kwenye madirisha ya klabu yetu ya shabaha, jiko halijawashwa tangu juzi, na kila chuma kabatini kilikuwa kinauma vidole. Zijad akaishika bastola ya marehemu Muharem, akatabasamu meno yote nje.

"Ina joto kama mkate," akasema. "Imenipenda."

Imenipenda! Ndiye Zijad huyo. Ana duka la vigae vya bafuni barabara kuu, na ana kila kitu cha mchezo wa shabaha isipokuwa shabaha yenyewe. Ana viatu maalumu, ana miwani ya kioo kimoja aliyopimiwa Vienna, ana begi lenye jina lake kwa uzi wa dhahabu. Miaka tisa mfululizo alikuwa ameshindwa kwenye Kombe la Zenica na Mzee Rifet, tarishi mstaafu mwenye goti bovu, na miaka tisa yote kosa lilikuwa la bastola. Hii nyepesi mbele. Ile nzito nyuma. Ile nyingine kifyatulio chake kinakwama. Kosa halikuwahi kuwa la Zijad hata siku moja.

Klabuni kwetu kuna desturi. Mlenga shabaha akifa, mpini wa bastola yake unafunguliwa skrubu, unatiwa motoni, na chuma kinauzwa kitupu. Mpini wa mashindano si ule mpini wa bastola ya polisi unaomfaa kila mtu. Huu unauchonga mwenyewe. Unapaka putti, ule ute mzito wa kuzibia mbao, unabana mpaka vidole viache alama, unasubiri ikauke, unapiga tupa, unapiga msasa, unapaka tena, na baada ya miaka kila kidole chako kina kitanda chake. Ni mkono wako wa pili. Sasa nani anataka kushikana mkono na maiti kila siku ya mazoezi, Jumanne na Alhamisi?

Mzee Rifet alikuja na bisibisi. "Lete niufungue. Chuma ni chako, umekinunua kwa mjane kihalali. Mbao inaenda motoni."

"Mbao ndiyo niliyoinunua, mzee. Muharem alikuwa bingwa wa Yugoslavia nzima. Unajua maana ya nzima, au nikuchoree?"

"Muharem alikuwa na mkono wa msichana. Wako ni koleo la theluji. Hauingii humo."

"Utaingia."

"Zijad, nisikilize. Ile mbao aliikata kwenye mti wa mjozi wa makaburi ya juu, pale ambapo hata kondoo hawalali. Sote tulimkataza. Bibi yangu alikuwa akisema chini ya mijozi ndiko majini wanakofanyia harusi zao."

"Bibi yako alikuwa anaogopa redio."

Tulicheka, nakiri. Mimi mwenyewe nilicheka kuliko wote, na ndiyo maana leo nasimulia bila raha.

Kuna njia ya kuchagua bastola ambayo kila mtu klabuni anaijua. Unasimama, unafumba macho, unanyanyua mkono, unafumbua. Vilengeo viwili, cha mbele na cha nyuma, vikiwa vimekaa sawa chini ya duara jeusi, basi mpini ni wako. Vikiwa vimeinama kushoto, unachonga kulia. Zijad maisha yake yote alikuwa akifumbua macho anakuta vilengeo vinaangalia dirishani. Siku ile akajilazimisha kuingiza lile koleo lake ndani ya mbao ya Muharem, akafumba, akanyanyua, akafumbua. Vilikuwa sawa, bila kutetemeka. Akafyatua tano. Kumi, kumi, tisa, kumi, kumi.

Ikapita harufu ya mafuta ya kitani na udongo uliofukuliwa. Zijad akageuka ghafla.

"Nani kaguna?"

"Hakuna aliyeguna," nikamwambia.

"Kuna mtu kaguna puani nilipopiga ile tisa."

Mpini ulimbana, bila shaka ungembana. Baada ya wiki moja shina la gumba lilikuwa limetoka malengelenge. Mlenga shabaha yeyote angechukua tupa akaipunguza mbao. Zijad naye aliichukua, kwa mara ya kwanza alikuwa karibu kufanya jambo la busara, akakaa mezani kwake, akaigusisha tupa kwenye mbao. Hapo akasikia sauti. Haikuja sikioni. Ilipanda kutoka kwenye mfupa wa kiwiko, kavu, ya mtu aliyechoka na wajinga.

"Acha. Mpini haujakosea. Mkono ndio uliokosea."

Na Zijad akatafakari, akaona ina maana!

Mkewe, Behija, ndiye aliyemkuta. Bafuni, kwenye vigae vyake vya kifahari, anajipiga msasa shina la gumba, ule msasa mkali wa kutolea rangi ya mlango, na sinki limejaa maji mekundu.

"Zijad! Unafanya nini, mume wangu?"

"Napunguza."

"Unapunguza nini?"

"Hapa pamezidi," akasema kwa utulivu. "Na hapa. Usipige kelele, anachukia kelele."

"Nani anachukia?"

Akafunga mlango.

Pointi zikapanda. Kati ya mia sita alizoea kupata mia tano na ishirini akijitahidi. Sasa ikawa mia tano arobaini na nane, mia tano sitini na moja, mia tano sabini. Bandeji ikawa haitoki mkononi, na mkono wenyewe tuliuona unapungua, mkufunzi wa klabu akajitia hamnazo kwa sababu klabu ilikuwa na hamu ya kombe. Zijad alituambia yote baadaye, kwa majivuno. Yule aliyeko mpinini alikuwa akimtukana kila risasi. "Unafyatua kama mtu anayeponda kunguni." "Pumzi hiyo, au ng'ombe?" "Nimemfundisha Muharem, mtu wa maana, miaka thelathini, leo nimeletewa muuza vigae." Mtu yeyote mwenye haya angeitupa bastola mtoni. Zijad alisema, "Ana ukali, lakini anajua kazi yake."

Jumamosi moja adhuhuri alikuwa nyumbani akifanya mazoezi makavu, yaani ya bastola tupu, kufyatua bila risasi ukilenga doa jeusi ukutani ili kidole kizoee. Behija alikuwa upande wa pili wa chumba, amempa mumewe kisogo, anatandaza mezani unga wa pita, pai ya viazi na vitunguu. Zijad akafumba macho kama kawaida, akanyanyua, na mkono ulipopanda akahisi unapanda peke yake, mwepesi, kama unaoshikwa na mtu chini ya kiwiko, ukateleza kushoto kidogo, ukateleza tena, na ile harufu ya mafuta na udongo ikajaa chumbani ikaishinda harufu ya viazi na vitunguu, na yeye akataka kufumbua macho na kope hazikumtii, akataka kuita na ulimi ukawa mzito, mpaka kidole kikaanza kuvuta polepole, vizuri, kwa ule ustadi ambao hakuwahi kuwa nao, na kope zilipofunguka vilengeo vilikuwa vimekaa sawa kabisa chini ya fundo la kitambaa cha kichwa, kwenye shingo ya mke wake.

Kach.

Behija akageuka, unga mikononi. Akauona mtutu.

Zijad akavuta nyuma chuma cha juu cha bastola kuonyesha kuwa ilikuwa tupu, na kutoka chemba ikaruka risasi moja, ikadunda mezani, ikatulia ndani ya unga. Ukingoni ilikuwa na alama mbichi ya sindano ya bastola. Ilikuwa imegongwa na haikulipuka. Yeye hakuwa ameiweka.

"Risasi mbovu," ikasema sauti mfupani. "Nunua nzuri."

Behija alimkokota siku ile ile kwa Bi Nura, ghorofa ya tatu, karibu na soko. Bi Nura huyeyusha risasi, ile madini laini yenyewe, na kuwatoa watu hofu na vilivyoingia pamoja na hofu. Hana mbwembwe. Aliwasha jiko la gesi, akaiacha televisheni ikisema bila sauti, akamfunika Zijad kichwa kwa shuka, akaweka karai la maji juu yake, akasoma anachosoma, akamimina. Risasi iliyoyeyuka ililia ndani ya maji. Mara ya kwanza ikatoka imechongoka miiba pande zote. Mara ya pili miiba ikapungua. Mara ya tatu ikatoka laini kabisa, na chini ya shuka Zijad akalia, na vidole vyake vilivyokuwa vimejikunja wiki nzima vikafunguka. Zilisikika hatua zinashuka ngazi, na mlango wa chini haukufunguliwa.

"Ametoka," akasema Bi Nura, akijipangusa jasho. "Lakini nyumba yake ipo. Chomeni hiyo mbao leo kabla ya magharibi. Na wewe, baba, usiiguse tena, maana safari nyingine hataingia kwa kubisha hodi. Nimekueleza mbele ya mkeo."

"Siku ukiirudia mimi naenda kwa dada yangu, mjini Jajce," Behija akamwambia njiani, machozi yanamtoka. "Wallahi sirudi. Mkono wako nitaufunga, nitaukanda, nitakulisha kwa kijiko. Lakini ile mbao, hapana."

"Nitaichoma, mke wangu."

Na kweli alichoma kitu. Tulisimama sote klabuni tukautazama moshi. Mzee Rifet, ambaye Zijad alimdharau miaka tisa, akaichukua ile bastola isiyo na mpini, akamchongea mpini mpya kwa mikono yake. Alimpimia urefu ili nyama ya kidole iguse kifyatulio moja kwa moja, isikwaruze ubavu. Alilegeza springi, akaning'iniza jiwe la kilo moja kwenye kifyatulio kupima ukaza wake, kama sheria inavyotaka, akakaza tena robo ya mzunguko. Alisogeza uzito wa mbele nyuma kidogo kwa ajili ya ule mkono dhaifu. Siku nne za kazi, na hakudai hata kahawa.

Zijad akafyatua raundi nzima. Mia tano na kumi na tisa.

"Si mbaya kwa mkono mgonjwa," Rifet akamwambia. "Mwakani utakuwa mahali pazuri, kaka."

"Mwakani," akasema Zijad. Nilimwona uso. Niliwahi kuona watu wakimtazama hivyo adui, siyo aliyewatendea wema.

Kombe la Zenica lilikuwa Jumapili iliyofuata. Zijad alifika peke yake. Nikamuuliza Behija yuko wapi, akasema Jajce, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. Kisha akafungua begi la uzi wa dhahabu, na mbao ya Muharem ilikuwa pale juu ya chuma, imepakwa mafuta, inang'aa. Alichochoma klabuni kilikuwa mguu wa kiti.

"Wewe una akili kweli?" Rifet akamnong'oneza. "Nusura amuue mkeo!"

"Risasi haikulipuka," Zijad akajibu. "Na wewe una hofu tu kwamba leo nitakupiga."

Mkono uliingia mpinini bila kulazimishwa. Sijawahi kuona mtu akifyatua namna ile, na natumaini sitaona tena. Kati ya risasi na risasi hakuhema. Mkono ulishuka, ukapanda, ukasimama, na watu wa njia za kulengea za jirani walianza kujisogeza pembeni, wakilalamika kuna harufu ya kaburi. Risasi sitini. Mwamuzi akaamuru: toa risasi, weka silaha mezani, rudi nyuma. Wote wakaweka. Zijad hakuweka.

"Bwana wa njia ya saba, weka silaha."

"Haitoki," Zijad akasema. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa akitazama ubao wa matokeo.

Wakamwita Rifet, kwa kuwa yeye ndiye anayeijua mipini. Alipiga goti lake bovu sakafuni, akaingiza bisibisi chini ya mpini, akafungua skrubu ndefu, akavuta. Chuma kikatoka safi, kikabaki mikononi mwake. Mbao ikabaki mkononi mwa Zijad. Rifet akapitisha kucha akitafuta ukingo, mahali ngozi inapoishia na mbao inapoanzia. Akapitisha tena. Mistari ya mjozi ilikuwa imepanda hadi kwenye kifundo, chini ya vinyweleo, na hapakuwa na ukingo wowote. Akaigusa mbao kwa ncha ya bisibisi, kidogo tu, na bisibisi ikatoka na damu.

"Ya Rabi," akasema Rifet, akarudi nyuma kwa magoti.

"Acha wivu, mzee," Zijad akamwambia. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa na karatasi ya matokeo. "Ngapi? Soma, bwana! Ngapi?"

Nikamsomea. Mia tano na tisini na nne, ya kwanza. Akacheka kwa furaha, akaunyanyua mkono ule ili ukumbi mzima uuone, na damu ikaendelea kutoka kwenye mbao.