Sanduku la Fyuzi Lililolowa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mwanahawa alifagia uwanja wa nyumba yao pale Likombe, akapasha moto muhogo uliobaki jana yake, kisha akampelekea baba yake chai barazani. Baba alikuwa kibarua katika kituo cha utafiti wa korosho Naliendele, naye aliondoka mapema kwa baiskeli. Januari ile ya mwaka 1972 kazi za nyumbani zilikuwa nyingi kuliko kawaida, kwa kuwa dada yake, Sharifa, alikuwa anaolewa Jumamosi.

Nyumba yao ilikuwa miongoni mwa nyumba chache za mtaa ule zilizokuwa na umeme. Mwanahawa alijivunia sana jambo hilo. Aliwatangazia wenzake wa darasa la sita kwamba siku ya harusi kutakuwa na taa za rangi uani, na gramafoni ya umeme itapiga muziki kuanzia alasiri.

Jumatatu ikanyesha mvua kubwa. Paa la ukumbi wa nyuma lilivuja, maji yakateremka ukutani mpaka kwenye sanduku la fyuzi. Baba alimwita Inasio, fundi umeme ambaye wazazi wake walihamia kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Inasio alishusha swichi kubwa, nyumba nzima ikazimika. Kisha akagusisha bisibisi yake ya kupimia kwenye waya mnene ulioingia kutoka kwenye nguzo. Kitaa kidogo ndani ya mpini kikawaka.

Aliwaeleza kuwa swichi ile hukata umeme unaokwenda vyumbani tu. Waya wa kutoka kwenye nguzo ulikuwa bado na umeme, na ungeweza kumuua mtu. Sanduku lilitakiwa kuhamishiwa sebuleni, mahali pakavu, lakini asiliguse mtu mpaka watu wa shirika la umeme waje kukata kwenye nguzo. Baba alikwenda kuwaita, wakaahidi kuja Ijumaa.

Ijumaa mchana walikuwa bado hawajaonekana. Baba alikuwa kazini, mama na Sharifa wamekwenda sokoni. Mwanahawa alikuwa akichambua mchele huku moyo ukimuuma, akiwaza jinsi wenzake watakavyomcheka. Ndipo akaingia mjomba Ismaili, kaka wa mama, aliyetoka Msimbati kwa ajili ya harusi. Mjomba alikuwa seremala, na ujanani aliwahi kuwasaidia mafundi wa umeme Dar es Salaam. Aliposikia habari za sanduku, alisema kazi hiyo anaiweza.

"Watu wa umeme wamekwishakata kule kwenye nguzo?" aliuliza.

Mwanahawa alitazama mchele. "Wamekata, mjomba. Walikuja asubuhi."

Mjomba hakuwa na sababu ya kumtilia shaka. Alijaribu taa ya ukumbini, haikuwaka, kwa kuwa Inasio aliiacha swichi kubwa imeshushwa. Akavuta kigoda, akapanda, akafungua kifuniko cha sanduku. Kuta zilikuwa bado na unyevu. Alichukua koleo, akaunyoosha mkono taratibu kuuelekea ule waya mnene.

Mwanahawa alikiona kile kitaa cha bisibisi kana kwamba kinawaka mbele ya macho yake. Sinia la mchele lilimtoka mikononi.

"Mjomba, shuka. Nimekudanganya. Hawajaja."

Mkono wa mjomba ulisimama hewani. Aliurudisha polepole, akashuka, akaketi juu ya kile kigoda. Mwanahawa alilia, akamweleza yote: majigambo yake shuleni, na hofu ya kuchekwa. Mjomba alimsikiliza, halafu akamwambia kwamba baba yake atayasikia hayo kutoka kinywani mwake mwenyewe, si kwa mtu mwingine.

Jioni Mwanahawa alimweleza baba. Hakupigwa; baba alichukua baiskeli yake, akaenda kuazima karabai.

Harusi ilifanyika kwa mwanga wa karabai za kuazima. Akina mama walipiga ngoma na vigelegele mpaka majirani wakajaa uani, na wanafunzi wenzake walicheza hata wakasahau kuuliza gramafoni iko wapi.

Jumanne iliyofuata watu wa shirika walikuja wakakata umeme kwenye nguzo. Inasio alipima waya kwanza, kitaa hakikuwaka, ndipo akaanza kazi. Alilifunga sanduku jipya sebuleni, juu ambako watoto wadogo hawafiki. Mjomba alimshikia mbao, na Inasio akamwambia kwa upole kwamba siku nyingine apime mwenyewe kabla ya kugusa, hata akiambiwa na nani. Mjomba alikubali kosa lake.

Umeme uliporudishwa kwenye nguzo, baba alimwita Mwanahawa.

"Mwanangu, umeme hauonekani kwa macho," alisema. "Anayeufanyia kazi huwaamini watu waliomzunguka. Ukimdanganya, unayatia maisha yake hatarini. Kusema kweli kuliokoa maisha ya mjomba wako, lakini kweli hiyo ungeisema tangu mwanzo. Haya, pandisha swichi."

Mwanahawa alipanda kigoda, lakini hakuigusa swichi.

"Fundi, kuna mtu yeyote anayeshika waya?" aliuliza.

Inasio alizunguka vyumba vyote, akarudi akitabasamu. "Hakuna."

Mwanahawa akaipandisha swichi. Taa zikawaka nyumba nzima, na mjomba Ismaili ndiye aliyeanza kupiga makofi.