Nguzo ya Mlango Mkubwa

"We kaka, macho umeyaacha nyumbani? Hivi ni vioo!"

Ndivyo walivyokutana, kwenye ngazi za jengo kuukuu la forodha, watu wakipanda na kushuka. Binti alikuwa mtunza picha wa makumbusho, gauni la kijani, sanduku kifuani. Aliyemgonga alikuwa injinia aliyetumwa kulikagua jengo, shati limejaa vumbi la chokaa. Sandukuni mlikuwa na picha za kwanza za jengo hilo, zilizopigwa juu ya vioo enzi za wakoloni. Injinia aliomba radhi, kisha akaomba namba. Haukupita muda, shangazi wa binti, fundi cherehani wa ghorofani humo, akawa anamwita mkwe.

Siku moja injinia akaamuru wapangaji wote wahame.

"Wanaokitaka kiwanja wamekununua, sio?" binti alifoka kwenye simu.

"Mpenzi, dari inashuka. Nisikilize..."

"Shangazi amenilea kwa cherehani ile. Usinipigie tena!"

Injinia alipiga tena na tena, hakupokelewa. Binti alikusudia kumuumbua kwa picha: jengo limesimama miaka nenda miaka rudi, leo lina nini? Lakini alipozipanga mezani, moyo ulimlipuka. Katika ya kwanza, jengo halina ghorofa, na nguzo nene imesimama katikati ya mlango mkubwa. Katika ya pili, ghorofa imeongezwa, nguzo ipo. Katika ya tatu, mlango umepanuliwa magari yapite. Nguzo iliyobeba ghorofa haipo.

Alimpigia injinia.

"Uko wapi?"

"Juu, kwa shangazi. Wengine wamehama, yeye hatoki mpaka useme wewe."

"Toka humo!"

"Nimwache?"

Binti alikimbia, viatu mkononi. Huko juu chokaa ilikuwa ikidondoka kama unga.

"Shangazi, anasema kweli. Nimekosea mimi. Twende!"

Shangazi alimtazama, akainuka. Injinia akajitwika cherehani mgongoni. Walikuwa wamevuka barabara tu ghorofa ilipoporomoka kwa kishindo. Shangazi aliketi chini akalia kwa sauti.

Binti alimpangusa injinia vumbi usoni.

"Nilisema umenunuliwa."

"Ulisema mengi."

"Basi nioe, niyafute yote."

Injinia alicheka huku akikohoa. "Na cherehani hii mgongoni, hata kupiga goti siwezi."

"Nijibu hivyo hivyo, umeinama."

"Nimekubali," akasema.