Togwa Nililoshindwa Kuonja

Nina miaka hamsini na minne, mama wa watoto watano, mkazi wa Katumba. Wasomaji wenzangu, yaliyonipata miaka ya tisini yalinitoa machozi hadi yakakauka... Mpaka leo nikisikia honi ya treni, moyo unanichoma!

Wazazi wetu walikimbia Burundi, sisi tukakulia hapa kwenye makazi ya wakimbizi tukilima tumbaku na mahindi. Rafiki yangu wa chanda na pete alikuwa Yuditha, kiongozi wa kwaya ya kanisa letu. Tulisali pamoja, tulifunga pamoja, hata chumvi tuliazimana.

Kisha wazee wa kanisa wakanikabidhi mimi kwaya, tena tukiwa tunajiandaa kwenda kuimba Tabora. Yuditha alinikumbatia mbele ya watu wote. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako!

Tukapatana, mimi na yeye tu, kufunga kwa ajili ya safari ile. Hatukumwambia mtu, kwani Bwana alisema ukifunga usijionyeshe. Mchana wa siku ya mfungo wazee wakaja kwangu kikaoni, nikawatolea togwa la mtama. Kwa sisi Warundi, mwenye nyumba huonja kwanza ndipo ampe mgeni, ili ajue hakuna sumu. Nikanyanyua kibuyu... nikakumbuka ahadi yangu kwa Mungu, nikawapa bila kuonja. Nilijiambia hawa ni watu wa kanisa, wataelewa. Wangeelewaje na mimi nimenyamaza?

Mzee mmoja kati yao alikuwa na maradhi ya tumbo ya siku nyingi. Yakamzidi, akafariki wiki ileile. Minong'ono ikaanza: mama Danieli hakuonja!

Nilipoitwa na wazee niliwaeleza kwamba nilikuwa nimefunga, na shahidi wangu ni Yuditha. Wakamgeukia. Akatazama chini, akasema taratibu, "Mimi habari za kufunga sizijui."

Jamani! Mtu niliyepiga naye magoti asubuhi ya mfungo ule!

Nikavuliwa uongozi wa kwaya, akarudishiwa yeye. Siku ya safari nilijificha nyuma ya stesheni nikawatazama wakipanda treni na majoho yao mapya, Yuditha mbele, anacheka. Niliona wivu, siwafichi. Nilitamani sauti imkauke hukohuko Tabora!

Mateso yakaendelea. Majirani hawakuja kutusaidia kukausha tumbaku, nyingi ikaoza. Watoto wangu walikatazwa kucheza na wenzao. Mume wangu akataka tuhamie makazi mengine, Mishamo. Nikamwambia, "Baba Danieli, tukiondoka tumekubali kwamba mimi ni mchawi." Tukabaki.

Kanisani nilikaa benchi la mwisho. Wagonjwa niliendelea kuwatembelea, ila mikono mitupu, kwani nani angekula changu? Niliwafulia, nikawachanjia kuni, nikawaombea. Wengine waliniombea mabaya nikiwa bado uani kwao. Kila Jumapili Yuditha akisimama kuimbisha, wivu ulinirudia. Nilimwomba Mungu aniondolee, asubuhi nikaukuta palepale. Nikajifunza kumtumikia nao hivyohivyo.

Miaka ikapita, Yuditha akafiwa na mume. Je, niende? Nilizunguka jikoni kwangu asubuhi nzima. Mwishoni nikatengeneza togwa, nikajitwisha, nikaenda msibani. Wanawake waliponiona wakasogea kando. Nikachota kwa kibuyu, nikakipeleka mdomoni nionje safari hii kila mtu aone...

Yuditha akanishika mkono. "Usionje, dada."

Akakichukua, akanywa chote. Kisha akawageukia watu huku analia: "Siku ile alikuwa amefunga. Tulifunga wote. Nilimwonea wivu."

Tulilia mimi na yeye mpaka wafiwa wengine wakaja kutubembeleza. Nilimsamehe palepale, lakini nisidanganye kwamba kila kitu kilirudi. Kwaya ilikuwa na vijana wake, na sauti yangu ilishachakaa. Tabora sijaiona hadi leo.

Ndugu zangu mnaomtumikia Mungu, mkidhulumiwa, msiache kutenda mema hata kama moyo unawaka. Na wewe unayemwonea mwenzio wivu, nakusihi, usipite njia ya Yuditha! Kama unaujua ukweli utakaomwokoa, useme leo, angali anauhitaji. Mimi nilisafishwa jina mbele ya watu wote, nikashukuru. Ila mama yangu mzazi alikuwa ameshafariki, akiamini mwanawe aliua.